Siku Moja Chumbe: Mipango ya Safari ya Kisiwa cha Matumbawe

Kisiwa cha Chumbe kimo katika mlango wa bahari unaotenga Unguja na Bara, kiasi cha kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Ni kisiwa kidogo. Urefu wake unapita kilomita moja kwa kidogo tu, upana wake ni kama mita 300, na eneo lake lote halifiki hekta 25. Karibu ardhi yote imefunikwa na msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe ya kale, mawe yenye makali ya kuchana viatu. Upande wa magharibi, karibu kabisa na ufukwe, ndipo ulipo mwamba wa matumbawe hai uliokipa kisiwa hiki sifa duniani. Tangu tarehe 24 Desemba 1994 mwamba huo umekuwa hifadhi kwa amri ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na msitu nao unalindwa. Huko havuliwi samaki, hayaokotwi makombe, haukatwi mti wala haitupwi nanga.

Marufuku hiyo ni kamili, na hapo ndipo Chumbe inapotofautiana na sehemu nyingi za pwani zinazolindwa. Katika Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, eneo lililotangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1997, wavuvi wanaendelea na kazi yao mradi watumie zana halali. Chumbe hakuna zana halali. Kwa sababu hiyo safari ya siku moja kwenda huko haipangwi kama safari ya kisiwa cha Changuu, au ya kuangalia pomboo Kizimkazi, ambako mgeni hufika pwani, akapatana bei na nahodha, akapanda. Huku wenye kupanga ni idadi ya watu, upepo na mwezi. Mfuko wa msafiri huja baadaye, ingawa nao una lake la kusema.

Kusalimika kwa mwamba wa Chumbe hakukuanza na sheria. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa kisiwani ili kuziongoza meli zinazopita katika mlango huo, na mwaka 1926 taa yake ikawekewa mtambo wa gesi. Njia kuu ya meli za kwenda na kutoka Dar es Salaam ilipita upande wa magharibi, kwa hiyo vyombo vidogo havikutakiwa kuvua hapo. Pwani ya Unguja inayotazamana na kisiwa ilikuwa na eneo la jeshi la kufanyia mazoezi ya shabaha, na hilo pia lilimfanya mvuvi afikirie mara mbili. Zaidi ya hayo, wavuvi wengi hawakuwa na mashine za kuwafikisha mbali kwa urahisi. Hakuna aliyekusudia kuyahifadhi matumbawe hayo. Yaliachwa tu, yakanawiri.

Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa miradi ya maendeleo, alianza kukishughulikia kisiwa hicho kwa nia ya kupata mahali pa kufundishia watoto wa shule habari za bahari. Aliunda kampuni ya Chumbe Island Coral Park, ikakodishwa kisiwa na kukabidhiwa usimamizi wa hifadhi. Vibali na ujenzi vilikula miaka kadhaa, gharama zikapanda hadi kiasi cha dola milioni 1.2 za Marekani, na wageni wa kulipa wakaanza kupokelewa karibu na mwaka 1998. Chumbe hutajwa mara nyingi kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na kampuni binafsi, na mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira.

Kumkabidhi mtu binafsi kipande cha bahari ni jambo linalozua maswali, na ni haki lizue. Mvuvi aliyezuiwa kupita mahali haoni faida ya tuzo ya Umoja wa Mataifa. Lakini yapo ya kuwekwa upande wa pili wa mizani. Walinzi wa kwanza wa hifadhi walikuwa wavuvi wa vijiji jirani waliopewa mafunzo, na hawabebi silaha: chombo kikiingia mahali pasipo pake, wao huenda kuzungumza na waliomo. Fedha za wageni ndizo zinazowalipa, na ndizo zinazogharamia ziara za wanafunzi wa shule za Zanzibar, ambao hupelekwa kisiwani bila malipo kujifunza kuogelea juu ya mwamba na kuusoma. Anayelipia siku moja Chumbe, kwa hiyo, analipia pia mshahara wa mlinzi na safari ya mtoto wa skuli.

Mpango wa safari unaanza na nafasi. Kisiwani zipo nyumba saba za wageni, na wanaolala hawazidishwi 18 kwa usiku. Wa siku moja hukubaliwa pale tu ambapo walalaji hawajajaa. Mgeni wa siku moja ni kama jirani aliyefika karamuni bila kadi: hupokelewa kwa bashasha, lakini baada ya walioalikwa kuketi. Katika miezi ya wageni wengi, hasa Julai na Agosti, na tena kuanzia wiki ya Krismasi hadi baada ya mwaka mpya, anaweza asipate nafasi kabisa. Njia iliyo bora ni kuandika au kupiga simu wiki kadhaa kabla, kutaja siku mbili au tatu zinazofaa badala ya moja, kisha kuthibitisha tena siku iliyotangulia safari.

Bei huhesabiwa kwa dola na si ndogo. Kwa mwenye mshahara wa kawaida wa Unguja au wa Dar es Salaam ni kubwa. Kwa kawaida inachukua boti ya kwenda na kurudi, mwongozaji, vifaa vya kuogelea, matembezi ya msituni na chakula cha mchana, hivyo hailingani na bei ya boti tupu inayotajwa ufukweni Forodhani. Mkaazi wa Tanzania aulize kuhusu bei ya wakaazi kabla ya kulipa, maana hoteli na hifadhi nyingi Zanzibar huwa nayo lakini haitajwi mpaka iulizwe. Kwa kundi la shule au madrasa, njia ni nyingine kabisa: mwalimu huwasiliana na kitengo cha elimu cha hifadhi.

Baada ya nafasi linakuja suala la msimu. Masika ndiyo miezi ya kuepukwa. Kisiwa hufungwa wakati huo, kwa kawaida kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni, na hata kama kisingefungwa, maji hayaonyeshi kitu baada ya mvua kubwa. Kusi ikishika, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa hupoa na mvua huwa chache, lakini bahari ya mlangoni huchafuka, zaidi mwezi Julai na Agosti. Kwa bahati njema mwamba uko magharibi, upande wa pili wa upepo, hivyo waogeleaji hupata kivuli cha kisiwa. Taabu ni ya kuvuka. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, huleta joto na, siku nyingi, maji maangavu. Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana, bahari hutulia, ingawa vuli inaweza kuharibu siku bila taarifa.

Habari za upepo wa Julai si za kuzembea. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka na kuzama karibu na Chumbe katika upepo mkali, na watu zaidi ya 100 walifariki au hawakuonekana tena. Boti ya hifadhi ni chombo kidogo kinachokwenda umbali mfupi, na nahodha wake anapoahirisha safari asubuhi kwa sababu ya bahari hufanya kazi yake. Msafiri asipange Chumbe kuwa siku yake ya mwisho Unguja. Abakishe siku moja nyuma yake, ili kuahirishwa kusiwe kupoteza.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni maji: kujaa na kupwa. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Mtu wa pwani hahitaji jedwali kujua hili. Tarehe za mwezi wa Kiislamu zinamtosha: kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15 anajua ni bamvua, na karibu na tarehe 8 na 23 anajua ni maji mafu. Asiyezizoea tarehe hizo atazame jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Zanzibar ina tabia moja yenye manufaa makubwa kwa mwenye kupanga. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kileleni kama saa kumi alasiri. Siku za maji mafu huwa kinyume: maji huwa juu mchana unapokaribia na hupungua jioni. Boti ya Chumbe kwa kawaida huondoka pwani ya Mbweni kama saa nne asubuhi, huchukua chini ya saa moja, na hurudi alasiri. Mgeni wa siku ya bamvua, basi, hufika wakati bahari imekimbia. Huenda akateremshwa kwenye maji ya magoti na kutembea. Sehemu za juu za mwamba huwa karibu na uso wa maji, kwingine zimechomoza, na kuogelea juu yake ni kujikwaruza na kuuvunja. Siku kama hiyo msitu na mnara hutangulia, kisha chakula, na kuogelea huja saa nane au saa tisa maji yanapojaa. Maji yanayojaa huleta uangavu kutoka bahari kuu, wakati yanayopwa hubeba mchanga na taka za kina kifupi.

Bamvua ina neema yake. Kati ya kupwa na kujaa, sehemu ya pwani iliyo wazi huwa na vidimbwi vyenye viumbe ambavyo havionekani siku nyingine: viti vya pweza, majongoo bahari, kaa wadogo, konokono wa kila namna. Mwongozaji huwapitisha wageni humo kwa hadhari. Maji mafu hayana utajiri huo, lakini mkondo wake ni dhaifu, maji hayachafuki sana, na saa ya kuogelea haibani. Kwa asiyezoea kuogelea, kwa watoto, na kwa mtu anayevaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza, maji mafu ndiyo siku. Mwenye kutaka kuona yote mawili achague siku tatu au nne baada ya bamvua, maji yanapoanza kupungua nguvu.

Mwezi wa Ramadhani nao ufikiriwe. Hakuna katazo la kwenda, lakini wafanyakazi wengi wa kisiwa huwa wamefunga, na Muislamu aliyefunga ataona tabu kuogelea na mrija mdomoni maji yakiingia.

Mbweni iko kilomita chache kusini mwa mji, jirani na uwanja wa ndege, penye magofu ya shule ya wamisionari wa Kiingereza waliyowasomeshea wasichana waliokombolewa utumwani. Kutoka Darajani hufikika kwa teksi au kwa daladala za njia ya uwanja wa ndege na mwendo wa miguu. Wanaotoka Dar es Salaam mara nyingi hudhani boti ya kasi ya alfajiri itawawahisha. Safari hiyo huchukua kama saa mbili ikienda vizuri, kisha kuna foleni ya bandarini Malindi, kukaguliwa vitambulisho na msongamano wa magari. Kimahesabu inawezekana. Kiutendaji, mtu hulipa gharama yote halafu akaiona boti ya Chumbe ikiwa mbali. Kulala mjini usiku wa kuamkia safari ni gharama ndogo ikilinganishwa na hiyo. Raia wa kigeni anayetoka Bara asiache pasipoti, maana ataulizwa bandarini.

Mzigo uwe mwepesi. Vitu viwili vinahitaji kufikiriwa zaidi, navyo ni viatu na kinga ya jua. Ndara hazifai kabisa kwenye mawe ya Chumbe: msituni panatakiwa raba zenye soli nene, na kwenye maji yeboyebo au viatu vya mpira vinavyoshika mguu. Jua nalo hupiga mgongo wa muogeleaji bila yeye kuhisi, kwa kuwa maji yanampoza. Wengi hujipaka krimu. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa baadhi ya kemikali za krimu hizo, ikiwemo oksibenzoni, hudhuru matumbawe machanga, na ndiyo sababu Palau ilizipiga marufuku mwaka 2020 na Hawaii ikazuia uuzaji wake kuanzia 2021. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea hukinga jua vizuri kuliko krimu, haiishi, na kwa wanawake wanaopenda kujisitiri ni faida juu ya faida. Leso au kikoi cha kujifutia, nguo kavu, chupa ya maji ya kujaziwa, dawa binafsi na kidonge cha kichefuchefu kwa asiyehimili bahari vinatosha. Kisiwani hakuna hospitali wala duka. Mifuko ya plastiki iachwe: Zanzibar iliikataza tangu 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Kinachoonekana chini ya maji hapo hueleweka vizuri zaidi mtu akijua tumbawe ni nini. Si jiwe wala si mmea. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana, wengi wao wa ukubwa wa milimita chache, kila mmoja akiwa na mdomo mmoja na vikono vya kunasia chakula. Kila mnyama hujijengea kikombe cha chokaa chini yake, vikombe hushikana, vizazi hukaa juu ya vizazi, na mwamba hupanda. Ndani ya ngozi yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa, naye humpa hifadhi. Mwani huo ndio unaoyapa matumbawe rangi nyingi za kahawia na kijani. Aina zenye umbo la mpira au bongo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Zenye matawi huweza kufika sentimita kumi au zaidi, lakini ni dhaifu. Unyayo mmoja unaweza kuvunja kilichojengwa kwa miaka mingi, na hata pale usipovunja, husugua ngozi nyembamba ya wanyama hao na kuacha kidonda kinachoingiwa na maradhi.

Chumbe zimehesabiwa aina zipatazo 200 za matumbawe magumu, yaani sehemu kubwa ya aina zote zinazojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki, na aina zaidi ya 400 za samaki. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa wageni, na kwa kweli hakuhitajiki, kwani uzuri wote uko kwenye kina kifupi. Mwongozaji hutangulia na boya ambalo aliyechoka hulishika. Kanuni ni chache na hazina mjadala: mwili ulale juu ya maji, miguu isisimame popote, mapezi yasipigwe karibu na mwamba, hakuna kugusa, hakuna kulisha samaki, na hakuna kuondoka na kombe hata tupu, kwa sababu kombe tupu ni nyumba ya kaa. Asiyejua kuogelea aseme kabla ya kupanda boti. Kuona haya hapa kuna hatari zaidi kuliko mawimbi.

Mtu aliyezoea samaki wa soko la Malindi atashangazwa na ukubwa. Chewa wa hapa hawajakutana na mshipi, na wanamtazama mgeni bila haraka. Pono hutafuna mwamba kwa meno yao yanayofanana na mdomo wa kasuku, sauti yake husikika wazi chini ya maji, na chokaa wanayoitoa huchangia mchanga mweupe wa fukwe zetu. Wapo vitatange, vikande, puju, taa wenye madoa ya buluu waliojifukia mchangani, kamba koche katika mapango, na mara nyingine ng'amba akipita zake. Samaki hawa hawajui mpaka wa hifadhi. Wanaokomaa ndani hutaga mayai mengi kuliko wadogo wanaovuliwa nje, mayai huchukuliwa na mikondo, na wakubwa wengine huhama. Hiyo ndiyo faida ya mvuvi wa vijiji kama Buyu au Chukwani, japo haimfikii siku ile ile aliyozuiwa.

Mwamba wa Chumbe si salama kwa kila jambo. Mwaka 1998, na tena 2016, joto la bahari lilipanda magharibi mwa Bahari ya Hindi na matumbawe yakapauka. Nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, huwafanya wanyama hao wautoe mwani wao. Hubaki weupe kama chokaa, na joto lisiposhuka mapema hufa kwa njaa. Ulinzi hauzuii joto. Unachoweza kufanya ni kuuacha mwamba na samaki wengi wala majani, ambao hulisafisha jiwe lililokufa lisifunikwe na mwani, ili tumbawe changa lipate pa kushika. Walinzi pia huwatoa kwa mkono viti vya pweza wenye miiba, ambao hula matumbawe hai na wakizidi huacha uwanda mtupu. Atakayeona vipande vyeupe au vya kijivu asidhani ametapeliwa. Aulize, na mwongozaji ataeleza.

Nchi kavu ya kisiwa ni mwamba wa aina ile ile, wa zamani tu: ulikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo, na makombe ya chaza wakubwa yangali yameganda ndani ya mawe. Watu wa Unguja huiita ardhi ya namna hii maweni. Hakuna kisima wala chemchemi, lakini miti imeota kwa kupenyeza mizizi katika nyufa na kubana umande na mvua. Ndani ya msitu yupo paa nunga, mmoja wa wanyama adimu kabisa wa jamii yake duniani, aliyeletwa hapa kutoka Unguja ambako uwindaji na ukataji wa misitu ulikuwa ukimmaliza. Yupo pia kaa mkubwa wa minazi, kaa wa nchi kavu aliye mkubwa kuliko wote duniani, awezaye kufika kilo nne. Hapa msafiri wa siku moja apunguze matumaini. Kaa huyo hutembea usiku, mchana hujificha mapangoni, na wanaomwona kwa uhakika ni waliolipia kulala. Paa nunga naye ni mwoga, na kukiona kinyesi chake tu njiani ni bahati.

Mnara wa taa unapandika kwa ngazi, na juu yake mtu huona kisiwa kizima, rangi za maji zinavyoonyesha mahali penye mwamba, na Unguja kwa upande wa mashariki. Karibu yake pamesimama msikiti mdogo uliojengwa kwa mtindo wa Kihindi kwa ajili ya watunza taa wa zamani, na bado husaliwa na wafanyakazi. Nyumba ya mtunza taa imegeuzwa kuwa ukumbi wa wageni, penye paa kubwa la makuti ambalo chini yake huandaliwa chakula cha mchana. Mapaa ya nyumba za wageni yamejengwa kukinga mvua na kuipeleka katika matangi ya chini, umeme unatokana na jua, na vyoo havitumii maji: vinahitaji kutupiwa mboji na majani makavu. Hili lielezwe kwa watoto mapema, wasije wakatafuta kamba ya kuvuta.

Ambaye bei au tarehe imemshinda ana sehemu nyingine za kuanzia. Bongoyo na Mbudya, mbele ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu tangu 1975. Hufikika kwa nauli ndogo, fukwe ni nzuri, ila matumbawe yake yaliumizwa vibaya na uvuvi wa baruti. Kwa aliyeko Mombasa au Tanga, Kisite upande wa Kenya, kutoka Shimoni, ina mwamba mzuri na pomboo, chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya. Pemba ina Misali. Kote huko kanuni za maji, viatu na kutogusa ni zile zile.

Lakini atakayeamua kuwa ni Chumbe, na akakosa nafasi siku aliyoitaka, abadilishe siku. Asikubali kushawishiwa ufukweni na mwenye boti anayedai anaijua njia ya mkato: chombo kisicho na ruhusa hakishushi mtu kisiwani, na walinzi wako zamu usiku na mchana.